Neno «honest» lilivyosumbua darasa la Mumosho

MUMOSHO, Kivu ya Kusini. – Ubao ni mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi, umeegemezwa ukutani. Jumamosi hii alasiri mwalimu ameandika juu yake maneno saba ya Kiingereza: honest, truthful, trustworthy, frank, sincere, loyal, fair. Wanafunzi ni watu wazima kumi na kitu, nusu wakaaji wa Mumosho, nusu watu waliokimbia vita na kupokelewa katika nyumba za wenyeji. Karibu wote wana daftari. Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango hana. Anaandika nyuma ya karatasi ya kituo cha afya.

Mama huyo alitoka upande wa Nyabibwe, mtaani Kalehe, mapema mwaka 2025, vita vilipoteremka kando ya ziwa kuelekea Bukavu. Alikaa mjini siku chache tu. Vita vilipoingia Bukavu nayo katikati ya Februari, hakuwa na pengine pa kwenda ila kwa mtu wa ukoo wa marehemu mume wake huku Mumosho, kusini ya mji, ambako vilima vinashuka hadi mto Ruzizi na ng'ambo yake ni Rwanda. Alifika na watoto watano. Ni hesabu hiyo ya watoto watano iliyomleta darasani.

Zamani Kiingereza hakikuwa na kazi kubwa Mumosho. Nyumbani ni Mashi, sokoni Kiswahili, shuleni na ofisini Kifaransa, na aliyezijua zote tatu alijiona amemaliza. Mambo yamebadilika. Ng'ambo ya mto, shule za Rwanda ziligeukia Kiingereza baada ya uamuzi wa mwaka 2008. Congo nayo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wafanyabiashara wa Bukavu wanafuata mali Kampala, na vijana wanasoma matangazo ya kazi za mashirika yanayodai Kiingereza. Kisha kuna wenye ndugu Nakivale huko Uganda, au Marekani, ambao sauti zao za WhatsApp siku hizi zinachanganyika na maneno ambayo huku hayajulikani. Kila mmoja darasani ana sababu yake. Mama wa Nyabibwe aliisema ya kwake siku ya kwanza, bila kuzunguka: alitaka kujua siku ile aliambiwa nini.

Siku ile ilikuwa siku ya kuandikishwa. Watu wa shirika moja walikuja kuhesabu familia zilizokimbia, ili kila familia ipewe jetoni kulingana na idadi ya watu wake. Aliyeuliza maswali alisema Kiingereza, na kijana mmoja alikuwa akitafsiri. Mama akaulizwa ana watoto wangapi. Akajibu watano. Akaulizwa amezaa wangapi. Akajibu wawili. Yule mgeni akainua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiandikia, akasema maneno machache, na kijana akatafsiri: «Anasema uwe mwaminifu.»

Mama alinyamaza. Wale watatu wengine ni wa dada yake mdogo aliyefariki kabla ya vita kufika, na mdogo kabisa kati yao hamkumbuki mama mwingine ila yeye. Hakuona mahali aliposema uongo. Lakini neno lililomfunga mdomo lilikuwa «mwaminifu». Alisikia kama mtu amemwambia mbele ya watu kwamba amemsaliti mtu, naye ni mjane. Hakujibu tena. Wakaandika familia ya watu watatu: yeye na wawili aliowazaa. Tangu siku hiyo msaada unapokuja, chakula cha watu watatu kinaliwa na watu sita.

Alikumbuka neno moja tu la yule mgeni, kwa sababu lilirudiwa mara mbili. Lilisikika kama «onesti». Mwalimu alipolisikia, alijua mara moja lipi la kuweka juu kabisa ubaoni.

Kabla ya kulaumu kijana aliyetafsiri, ni vizuri kukubali kwamba kazi aliyopewa haikuwa nyepesi. Kiswahili si maskini wa maneno ya jambo hili: kuna ukweli, unyofu, uadilifu, uwazi, uaminifu. Mashi ina okuli, ambayo masikioni ni kama ndugu wa kweli. Ila katika mazungumzo ya kila siku mzigo wote unawekwa kichwani mwa neno moja. Mfanyakazi asiyeiba ni mwaminifu. Mke asiyetoka nje ni mwaminifu, na mume vilevile, ingawa yeye huulizwa mara chache. Rafiki asiyekukimbia siku ya shida ni mwaminifu. Aliyerudisha simu aliyookota, mwaminifu.

Na neno hilo lina ukoo mkubwa. Amini, imani na amana ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Waislamu wanamwita Mtume wao Al-Amin, mtu wa kuaminiwa. Hata Amina inayofunga sala za Wakristo kila jioni ilitoka katika Kiebrania, lugha iliyo jamaa ya Kiarabu, kwenye mzizi huohuo. Ukoo wote huu unazunguka jambo moja: mtu anayewekewa kitu, naye akakitunza. Kwa hiyo kumwambia mama mzima «uwe mwaminifu» si kumwomba asahihishe hesabu. Ni kumuuliza alichowekewa kiko wapi. Na yeye, alichowekewa ni watoto watatu, na wako hapo hapo nyuma yake wamemshika kitenge.

Mwalimu alianza na matamshi. Herufi h ya honest haisikiki, kama ile ya honnête ya Kifaransa, na hiyo si ajabu, maana maneno hayo mawili ni ndugu: yalitoka kwenye Kilatini na mwanzoni yalihusu heshima. Leo, alieleza, honest ni mtu asiyesema uongo, asiyeiba na asiyepunja. Haimhusu mume na mke. Huko Waingereza wana neno lingine, faithful. Mama wa karibu na mlango akaandika faithful pembeni, akaipigia mstari juu. Hakuifuta, aliikata tu.

«Na truthful?» aliuliza papa mmoja. «Si ni kitu kimoja?»

Hapo somo lilihamia sokoni. Huko Bukavu na vijijini mwake, maharagwe na unga vinapimwa kwa kopo la maziwa ya Guigoz, na kila mnunuzi anajua kutazama chini ya kopo kabla ya kutazama maharagwe. Kuna makopo yaliyobondwa kitako kikaingia ndani. Kwa juu limejaa mpaka linamwagika, ndani limekula sehemu yako. Mwalimu aliuliza: muuzaji mwenye kopo la namna hiyo, asiyesema neno lolote, anapokea pesa tu na kukushukuru, je, ni truthful? Darasa likabishana. Mwishowe wakakubaliana kwamba mdomo wake haukusema uongo wowote. Je, ni honest? Wote kwa pamoja: «Hapana!» Mama mmoja anayeuza maharagwe aliongeza kwamba kopo ndilo lililosema. Basi truthful ni ya mdomo, honest ni ya mdomo na mkono. Pengine vitabu vinaeleza kwa namna nyingine, lakini hakuna aliyetoka darasani akiwa amechanganya maneno hayo mawili.

Trustworthy ilipatikana kwenye sanduku. Wengi darasani wako katika AVEC, zile jumuiya za kuweka akiba na kukopeshana, na wanajua jinsi sanduku lilivyo: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na anayelala na sanduku nyumbani hashiki ufunguo. Watu hao wanachaguliwa kwa sababu wanaaminika. Ndiyo maana ya neno, alisema mwalimu, mtu anayestahili kuaminiwa. Papa yule yule akainua mkono tena: kama wanaaminika, kufuli tatu za nini? Mwalimu alikuwa bado anatafuta jibu wakati mama wa maharagwe alipomjibu kwa niaba yake: «Kufuli njo inabasaidia babakie baaminifu, Papa.»

Frank ilileta kicheko, maana kwa masikio ya Bukavu hiyo ni franga. Kijana mmoja alisimama akasema kwa Kiingereza kwamba yeye ni frank, na jirani yake akamuomba amkopeshe. Maana yake ni mtu anayekuambia jambo usoni, hata kama litakuuma. Mtu anaweza kuwa nayo kupita kiasi, na kila familia ina shangazi wa namna hiyo.

Kwenye sincere mwalimu alitaja hadithi inayosambazwa sana, kwamba neno hilo lilitoka kwa wachongaji wa Roma waliouza sanamu «bila nta», yaani bila kuziba nyufa. Ni hadithi tamu na si ya kweli. Kwa Kilatini neno lilimaanisha tu kitu safi, kisichochanganywa. Hadithi ya uongo juu ya neno la moyo safi, nayo inafundishwa kila mahali! Wenye barua za kuomba kazi walifaidika zaidi na sehemu hii, kwa sababu «Yours sincerely» inakaa mwisho wa barua nyingi za Kiingereza. Kuhusu kuandika katikati ya barua «I am dynamic and honest», kama wengi walivyozoea kuandika kwa Kifaransa, mwalimu hakukataza. Alisema tu kwamba mwizi naye anaandika hivyo hivyo.

Kisha likaja swali la binti mmoja anayetazama filamu nyingi kwenye simu. «Mwalimu, mutu akianza kusema na “to be honest”, basi mbele alikuwa anasema bongo?» Hakuna aliyeweza kumjibu vizuri. Lakini Waingereza hawako peke yao: «kusema kweli» ya Kiswahili inafanya kazi ileile, na «franchement» ya Kifaransa pia. Inaonekana kila lugha inaona haja ya kupiga hodi kabla ya kusema ukweli.

Yalibaki maneno mawili, loyal na fair, na hapo kicheko kikaisha.

Mwalimu alitoa mfano akisema «tuseme»: tuseme kiongozi wa kijiji ameletewa orodha ya msaada yenye nafasi ishirini, na katika kijiji kuna familia arobaini zilizokimbia. Anaandika kwanza ndugu zake saba, ambao hawakukimbia kutoka popote. Huyo ni mtu gani kwa Kiingereza? Kimya kilikuwa kirefu. Hakuna mtu katika chumba kile ambaye hajawahi kuona orodha. Wapo waliosimama nje ya orodha, na bila shaka wapo waliokuwa ndani bila haki, nao wameketi kwenye benchi moja.

Papa mmoja mzee alimtetea yule kiongozi wa «tuseme». Alisema ndugu wakilala njaa huku mwenzao ana kalamu mkononi, watamwita msaliti, na watakuwa sawa. Mwalimu hakumpinga. Alisema Kiingereza kina neno la hilo: loyal, mtu asiyewaacha watu wake. Kwa ndugu zake saba, yeye ni loyal kabisa. Lakini si fair, maana hakugawa kwa haki, na si honest, maana ameandika kwamba ndugu zake ni wakimbizi. Akachora mshale kutoka loyal hadi honest, wenye ncha pande zote mbili, kama ndugu wawili wanaogombana.

Hilo ndilo jambo gumu kwa anayetoka kwenye Kiswahili, na ni hapo Kiingereza kinapofaa kitu zaidi ya kazi na safari. Kwa Kiswahili huyo kiongozi ni mwaminifu kwa ndugu zake na si mwaminifu kwa kijiji. Neno ni lilelile, na kwa kuwa ni lilelile, mtu anaweza kujificha ndani yake miaka mingi akitazama upande mmoja tu. Kwa Kiingereza anakuta maneno mawili mbele yake, na analazimika kuchagua lipi ni lake. Hakuna lugha inayomfanya mtu kuwa mwema. Lakini mzee yule hakuongea tena mpaka mwisho wa somo, na alinakili mshale katika daftari lake kwa uangalifu.

Mama wa Nyabibwe ndipo aliposema. Alieleza habari yake yote kwa sauti ndogo, pamoja na hesabu ya watatu na sita. Alisema wale watu watarudi Alhamisi kuhakikisha majina, na safari hii hataki kijana wa kutafsiri. Anataka kusema mwenyewe.

Ushauri ulimwagika kutoka pande zote. Wengi walimwambia jambo rahisi. «Sema tu ulibazala bote tano, mambo iishe,» alisema mmoja, na si mtu mbaya. Alitaka watoto wale. Mwingine alisema vyeti vyenyewe vilibaki Nyabibwe, nani atajua? Mwalimu alibaki ameshika chaki. Labda naye alikuwa anatazama mshale wake.

Mama alitikisa kichwa. «Kama nasema nilibazala bote,» alisema, «dada yangu atakuwa wapi?»

Hakuna aliyekuwa amefikiri upande huo. Dada huyo hana kaburi ambalo mtu anaweza kulifikia leo. Hana picha, simu yenye picha ilipotea njiani. Hapa duniani amebaki katika mahali pamoja tu, na ni pale mtu anapoulizwa watoto hawa watatu ni wa nani. Uongo ule mdogo ungeleta chakula, na ungemfuta yeye. Na ile hesabu ya «wawili» aliyoitoa siku ya kwanza haikuwa uongo, na «watano» pia haikuwa uongo. Kosa lilikuwa kwamba alipewa nafasi ya jibu moja kwa maswali mawili. Mgeni aliuliza habari za tumbo, yeye akajibu habari za nyumba, na katikati yao ikapita honest ikiwa imevaa nguo za mwaminifu.

Mwalimu alifuta maneno yote saba. Akaandika sentensi fupi fupi, kila moja kwenye mstari wake:

I have five children.
Two are mine by birth.
Three are my sister's.
She died.
I raise them all.

Darasa zima lilizisoma pamoja naye, mara tatu, nne. «By birth» ilisumbua, kwa sababu ile th haipatikani kwa urahisi mdomoni mwa mtu wa Kivu. Ikatoka «bayi basi», kisha «bayi bafu», na mwalimu akaamua kwamba inatosha, itaeleweka. «Raise» ilipendwa. Mama aliuliza inamaanisha nini hasa, akaambiwa ni kulea, pia ni kuinua, na hata kufuga. Mwenye swali la filamu akauliza kama mbuzi nao wanaweza. Mwalimu akakubali: «I raise goats.» Watu wakacheka, na mama wa Nyabibwe akacheka nao, akaziba mdomo kwa kiganja.

Jua lilikuwa limeshaelekea upande wa milima, na chumba kile hakina taa. Watu walianza kukunja madaftari. Mama aliomba jambo moja la mwisho: kama inawezekana, sentensi ya dada yake itangulie, kabla ya ile ya hao wawili. Mwalimu alisema sarufi haikatazi. Akazifuta mbili na kuzipanga upya, naye akanakili zote tano nyuma ya karatasi ya kituo cha afya, polepole, chini ya neno faithful lililokatwa. Akaikunja mara mbili, akaifunga katika pindo la kitenge, mahali alipofunga jetoni ya watu watatu.